Stoo ya Vitu Vibovu Ifunguliwe

Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe dukuduku lililonikaa kooni tangu nilipokuwa Kidato cha Kwanza.

Nyuma ya maabara ya fizikia kuna chumba kidogo chenye kufuli kubwa. Kila aliyewahi kupewa adhabu ya kufagia humo anajua yaliyomo: redio za kaseti, printa tatu, kompyuta za zamani zenye migongo mirefu, feni zisizozunguka, na projekta iliyokufa kabla hatujajiunga na shule hii. Vitu hivi vinangoja nini? Vinangoja kuoza, maana hata kutupwa havitupwi. Maoni yangu ni kwamba stoo hiyo ni darasa tulilolifungia mlango. Naomba ifunguliwe, kwa utaratibu nitakaoueleza, ili sisi wanafunzi tujifunze kwa kuvifungua vitu hivyo na kuunda vingine.

Nasema hivi nikiwa na ushahidi mkononi. Likizo ya Aprili mimi na wenzangu watatu wa mtaani tulitengeneza roboti. Jamani, msitazamie ile ya sinema inayotembea kwa miguu miwili na kupiga watu risasi! Yetu haizidi ukubwa wa kiatu. Ina magurudumu mawili, macho mawili, na kazi moja tu: kufuata mwanga. Ukiimulika kwa tochi gizani inakuja. Ukisogeza tochi kushoto, nayo inakata kushoto. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote, lakini siku ilipotufuata mara ya kwanza watoto wa ploti nzima walijaa mlangoni.

Vifaa tulivipata wapi? Mota mbili zilitoka katika redio za kaseti ambazo fundi mmoja wa Makongeni alikuwa amezikatia tamaa. Giya za plastiki na vyuma vya kushikia magurudumu vilitoka katika printa. Magurudumu yenyewe ni vifuniko vya makopo, tukavivisha mpira uliokatwa kwenye patipati kuukuu ili visiteleze sakafuni. Mwili ni bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Macho tuliyang'oa kwenye taa za nje zilizoharibika, zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Transista tulizitoa katika bodi ya redio. Tulivyonunua vipya ni vinne tu: waya wa kulehemu, swichi, kishikio cha betri, na betri zenyewe.

Sasa, inafanyaje kazi? Lile jicho ni kipande kidogo ambacho kikiwa gizani huuzuia umeme, na kikipata mwanga hulegeza. Lakini umeme unaopita hapo ni mchache mno, hauwezi kuzungusha mota. Hapo ndipo transista inapoingia. Mwalimu alikuwa ametufundisha habari zake kwa Kiingereza, tukanakili, tukakariri. Yule fundi aliniuliza swali moja tu: "Kijana, ukifungua mfereji unatumia nguvu ngapi? Kidogo, si ndiyo? Na maji yanayotoka ni mengi. Basi transista ni mfereji. Umeme mdogo wa jicho ndio mkono, umeme mkubwa wa betri ndio maji." Sijaisahau transista tangu siku hiyo, wala sitaisahau.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Jicho la kushoto tuliliunganisha na mota ya kulia, na la kulia tukaliunganisha na mota ya kushoto. Kwa nini? Mwanga ukiwa kushoto, jicho la kushoto hupata mwingi, nayo mota ya kulia huzunguka kwa kasi. Gurudumu la kulia likikimbia kuliko la kushoto, gari zima hugeuka kushoto, yaani kule kule kwenye mwanga. Ukiziacha nyaya bila kuzipishanisha, roboti inaukimbia mwanga kama mende. Hakuna kompyuta ndani yake. Hakuna programu. Ni nyaya nne na akili kidogo ya kuzipanga.

Msije mkadhani kwamba haya ni mambo ya maskini wasioweza kununua vifaa vya dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtaalamu wa ubongo aitwaye William Grey Walter, katika mji wa Bristol huko Uingereza, alitengeneza roboti mbili zilizoitwa Elmer na Elsie. Zilijulikana kama kobe kwa sababu ya umbo lao na mwendo wao wa polepole. Nazo zilifuata mwanga. Alizitengeneza kwa masalio ya vifaa vya vita na magurudumu ya saa mbovu. Alitaka kuonyesha kwamba hata mashine yenye "neva" mbili tu inaweza kuonyesha tabia inayofanana na ya kiumbe hai. Vitabu vya historia ya roboti huwataja kobe hao, kumbe walizaliwa na takataka!

Turudi barani kwetu. Nchini Malawi, katika njaa ya mwaka wa 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa karo. Aliingia katika maktaba ya kijiji, akasoma vitabu vya fizikia, kisha akaunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akapata taa nyumbani kwao. Mjini Kinshasa mwaka wa 2013 walisimamishwa askari wa trafiki wa alumini wanaotumia nguvu za jua. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Tazameni jina hilo! Na mjini Lomé, Togo, mwaka huo huo wa 2013, Afate Gnikou aliunda mashine ya kuchapisha vitu vya plastiki kwa kutumia sehemu za kompyuta na printa zilizotupwa. Printa zilizotupwa, ndugu zangu. Sisi tunazo tatu chini ya kufuli.

Mtaniuliza: kwa nini jambo hili nimelileta katika jarida la Kiswahili na si katika klabu ya sayansi? Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja: fundi alinieleza kwa Kiswahili kile nilichokuwa nimekikariri kwa Kiingereza bila kukielewa. Mafundi wa Kariobangi, Gikomba na Kamukunji wana lugha kamili ya ufundi. Husema waya una moto, nyaya zimepiga shoti, mota imekufa, giya imekula meno. Lugha hiyo haimo katika vitabu vyetu, na ni kazi ya chama chetu kuikusanya kabla haijapotea.

Sababu ya pili ni historia ya maneno. Neno "roboti" lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa mwaka wa 1920. Katika Kicheki "robota" ni kazi ya shuruti, ile waliyofanyizwa watumwa wa ardhi katika mashamba ya mabwana. Nasi tuna neno letu, "kibarua." Mtu yeyote wa Mbotela, Kaloleni au Viwandani analijua. Hapo zamani ni barua ndogo tu, kikaratasi alichokuwa nacho mfanyakazi wa kutwa ili ahesabiwe siku zake. Kikaratasi kikawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu mwenyewe. Kila alfajiri tunapokuja shule tunawapita vibarua wamesimama kwenye mageti ya viwanda katika Lunga Lunga Road na Enterprise Road, wakingoja kuchaguliwa. Baadhi yao ni wazazi wetu.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alipanga makasha katika kiwanda fulani, sitakitaja. Mwaka mmoja ikaletwa mashine ya kupanga makasha. Kikundi chao kilikuwa na watu kumi na wawili. Kumi na mmoja wakaambiwa wasirudi kesho. Aliyebaki alikuwa mtu aliyezoea kumsaidia fundi wa zamu kufungua mashine na kuzipaka grisi. Hakuwa na cheti. Alijua tu kilichomo ndani. Baba hajaacha kuieleza habari hiyo, na kila akiieleza hatukani mashine. Husema, "Sisi tulikuwa tukiitazama kwa nje."

Najua mwenzangu mmoja atasimama na kusema: kama roboti ndizo zinazowanyang'anya wazazi wetu kazi, mbona wewe unatufundisha kuzitengeneza? Ni swali zuri, nami silikwepi. Sidai kwamba kuunda kigari cha bati kutampa mtu kazi. Ajira ni chache, na wako wenye digrii wanaotembea na bahasha mkononi mjini. Ninachosema ni kwamba mashine haziombi ruhusa yetu. Zitaingia Industrial Area tukizijua, na zitaingia tusipozijua. Shule iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye viwanda hivyo, kisha ikawaacha wanafunzi wake wamalize miaka minne bila hata mmoja kushika bisibisi, inatuandaa kwa ajili ya geti. Hilo ndilo linaloniuma.

Tena si kwamba wakubwa wetu hawakuliona jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na useremala, ufundi wa vyuma na umeme. Shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, mzigo ukawa mkubwa kwa wazazi, na baadaye masomo mengi ya ufundi yakapunguzwa. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Hayakufika sokoni, na watu wameyacheka mpaka leo. Mimi siyacheki. Mradi huo ndio uliozaa Numerical Machining Complex mwaka wa 1994, kiwanda cha kuchonga vipuri kilichowekwa ndani ya karakana kuu za reli, hapa hapa jirani yetu. Na mwaka wa 1992 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 2 kuhusu biashara ndogo na jua kali, ikikiri mchango wa sekta hiyo katika uchumi. Kwa hiyo wazo si geni. Lililokosekana ni vifaa, na vifaa tunavyo stoo.

Nije sasa kwenye pingamizi, maana nimezisikia zote.

Kuna wanaosema huku ni kupoteza wakati, KCSE iko mlangoni. Nami nawauliza: swali la giya na la nguvu za umeme huulizwa katika mtihani gani kama si huo huo? Sisi wanne tulitumia jioni kumi na moja za likizo. Wapo waliotumia jioni nyingi kuliko hizo wakitazama mpira.

Kuna wanaosema kuokota takataka ni kazi ya machokora. Aa, wapi! Mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikukusanywa na kurejelewa kwa njia inayojulikana. Ndani ya taka hizo mna shaba, alumini, hata dhahabu. Aibu ni kuvitupa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba ukiwafundisha vijana wa mtaani thamani ya skrapu, utawafundisha kuiba. Hakusema uongo. Vifuniko vya mitaro vimeibwa, nyaya za umeme zimekatwa, reli zimeng'olewa. Ndiyo maana ikatungwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka kila mfanyabiashara wake awe na leseni, na ndiyo maana Januari 2022 Rais Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Lakini dawa ya wizi ni daftari. Kila kipuri tulichotumia mimi na wenzangu tuliandika kimetoka wapi, nani alitupa, na tarehe gani. Kijana aliyezoea kuuliza "hiki kimetoka wapi?" ndiye atakayekataa kununua waya ulioibwa.

Pingamizi la nne ni hatari, nami naliunga mkono kabisa. Televisheni na kompyuta za kioo kirefu huweza kuhifadhi umeme mkali hata zikiwa zimechomolewa ukutani. Kapasita zake zinaweza kumrusha mtu. Oveni ya mikrowevu ni mbaya zaidi. Betri ya simu iliyofura ikitobolewa hulipuka moto. Betri ya gari ina risasi na asidi. Tusisahau yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha watu kwa risasi tangu mwaka wa 2007 hadi kilipofungwa 2014. Mama Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na sumu hiyo, aliongoza vita hivyo, akatuzwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo nasema wazi: televisheni, mikrowevu na betri za gari tusiziguse. Redio, printa, feni na vidude vinavyotumia betri ndogo vinatutosha, tena mwalimu akiwapo.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloishikilia kufuli. Tunaambiwa vitu hivyo ni mali ya umma, na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 hairuhusu kugawia watu mali ya shule ovyo ovyo. Ni kweli. Lakini ni nani aliyeomba agawiwe? Mimi siombi kipuri hata kimoja kitoke nje ya geti. Chura wa somo la biolojia hufunguliwa mezani, akabaki kuwa chura wa shule. Vivyo hivyo printa ikifunguliwa mezani itabaki kuwa printa ya shule, ila sasa inafundisha.

Basi mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, itengwe rafu moja katika maabara. Mwalimu anayehusika achague kutoka stoo vitu visivyo na hatari na visivyoweza kurekebishwa, vikaguliwe, viandikwe. Pili, liwepo daftari moja lenye safu nne: kifaa, kilikotoka, aliyekifungua, na sehemu zake zilipo sasa. Tatu, tupewe alasiri moja kwa wiki, Ijumaa baada ya michezo, wasichana na wavulana sawasawa. Nne, mara moja kila muhula aalikwe fundi mmoja wa mtaani aje atufundishe kwa lugha yake, na apewe heshima ya mgeni wa shule: chai, kiti cha mbele, na shukrani mbele ya gwaride. Wengi wa mafundi hao walitoka shuleni kwa kukosa karo, na hakuna shule iliyowahi kuwaita tena. Tano, Chama cha Kiswahili kichukue jukumu la kuandika maneno yao, ili toleo lijalo la jarida hili liwe na kamusi ndogo ya ufundi ya Industrial Area.

Gharama ya haya yote ni bisibisi chache, chuma cha kulehemu na daftari. Mimi na wenzangu tuko tayari kuleta bisibisi zetu.

Na kama wapo wanaodhani kwamba vitu vya kuokota haviwezi kufika mbali, wasome habari za David Gathu na Moses Kiuna wa Kiambu. Vijana hao walijifundisha wenyewe, wakaunda mkono wa bandia unaoongozwa na mawimbi ya ubongo, na sehemu kubwa ya kazi yao ilitokana na mbao na vifaa vya umeme vilivyotupwa. Hawakungoja maabara ya mamilioni.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Macho tunayo, walimu wetu. Ufunguo ndio hatuna, na uko ofisini kwenu. Muhula ujao unaanza Januari. Tunaomba Ijumaa yake ya kwanza.